Mgeni Mwenye Ulemavu katika Miji ya Ulaya

Msomaji, ikiwa wakaa Gatina, au umepata kupita huko siku ya mvua, huna haja ya kuelezwa maana ya njia ngumu. Vichochoro vya mtaa huo, kama vilivyo vingi vya Kawangware na vya Kibera, vimebanwa na kuta za mabati. Katikati hupita mtaro, na juu ya mtaro huwekwa ubao mmoja au mawe mawili ya kukanyagia. Mwenye miguu mizima huruka akaenda zake. Mwenye mkongojo hutafuta mahali pagumu pa kuusimamisha, asipaone. Mwenye kiti cha magurudumu hungoja mtu wa kumbeba, na akishafikishwa kwenye stendi ya magari ya nambari 46, hukuta mlango wa matatu ni mwembamba, ngazi yake iko juu, na utingo ana haraka.

Watu waliozoea hali hii, wanaposikia habari za mtu mwenye ulemavu aliyesafiri kwenda Ulaya, husema, "Ah, huko ni kwingine. Huko njia ni tambarare na kila nyumba ina lifti." Maneno hayo yana sehemu ya ukweli wa leo, lakini hayana ukweli wa jana. Husemwa kana kwamba miji ya Ulaya ilizaliwa na lifti zake, na Gatina ikazaliwa na mitaro yake, na kila mmoja akapewa fungu lake milele. Historia yashuhudia vingine. Katika kurasa hizi nitakutembeza katika miji michache ya bara lile, pamoja na wasafiri waliofika huko wakiwa hawaoni au hawawezi kutembea. Baadhi yao walitoka katika nchi zetu hizi za mashariki ya Afrika. Utaona kwamba miji ile ilikuwa migumu kwao, mingine ikawa na ukatili, na kwamba mageuzi yake yamefanyika katika muda ambao babu yako angeweza kuusimulia kwa kinywa chake.

Tuanze na zamani. Miji mikubwa ya Ulaya ilijengwa kabla mtu hajawaza kwamba asiyeweza kupanda ngazi naye atataka kuingia kanisani, sokoni au katika nyumba ya serikali. Njia zilitandikwa mawe yanayotikisa gurudumu na kuteleza wakati wa baridi. Milango mikubwa iliwekwa juu ya ngazi nyingi ili nyumba ionekane ina enzi. Hata hivyo wasafiri hawakukosekana. Mmoja aliyepata sifa ni Mwingereza James Holman, aliyezaliwa mwaka 1786, akawa ofisa wa jeshi la maji, akapofuka akiwa na umri wa miaka 25. Kati ya mwaka 1819 na 1821 alizunguka Ufaransa, Italia na nchi nyingine za bara la Ulaya, haoni hata mwanga. Aligonga mawe ya njia kwa fimbo yenye ncha ya chuma, akasikiliza mwangwi, akajua kama mbele yake pana ukuta au pana uwazi. Alipanda Vesuvius, mlima utoao moto karibu na mji wa Naples. Baadaye alivuka Urusi akafika mpaka Siberia. Serikali ya mfalme wa Urusi ikamshuku kuwa mpelelezi, ikamrudisha mpakani kwa ulinzi. Jambo hili lachekesha na kuhuzunisha pamoja. Wakuu wale hawakuweza kusadiki kwamba mtu asiyeona anaweza kusafiri kwa hamu tu ya kuijua dunia. Waliona lazima awe ametumwa.

Holman alikuwa mtu wa ajabu, na vitabu vyake vilisomwa sana katika siku zake. Lakini tazama vema: alijipatanisha yeye na mji, mji haukujipatanisha naye. Alipoondoka Naples, ngazi za Naples zilibaki kama alivyozikuta. Kwa sababu hiyo sipendi sana desturi ya kumsifu mtu mmoja hodari na kunyamaza juu ya barabara aliyopita.

Karne ya 20 ilileta jambo baya kuliko ngazi. Wanazi waliposhika utawala wa Ujerumani mwaka 1933, walitunga sheria ya kuwakata uzazi kwa nguvu watu waliodhaniwa kuwa na kasoro za kurithi. Halafu, kati ya Januari 1940 na Agosti 1941, wagonjwa wa akili na watu wenye ulemavu zaidi ya 70,000 waliuawa kwa gesi katika majumba sita yaliyotengwa kwa kazi hiyo. Walichukuliwa kwa mabasi kutoka hospitali na makao yao, na jamaa zao wakaandikiwa barua za uongo kwamba wamekufa kwa maradhi. Mauaji hayo yaliendelea kwa njia nyingine mpaka vita vilipokwisha mwaka 1945. Waliotoa shauri katika mambo hayo hawakuwa wahuni wa njiani. Walikuwa madaktari na maprofesa, watu waliosoma kuliko mimi na wewe. Mmoja wao, Carl Schneider, alikuwa mkuu wa kliniki ya maradhi ya akili ya Chuo Kikuu cha Heidelberg. Likumbuke jina la mji huo, maana tutarudi huko.

Katika mwaka 1939 daktari mmoja Myahudi, Ludwig Guttmann, aliyekuwa bingwa wa magonjwa ya mishipa ya fahamu katika mji wa Breslau, alikimbia Ujerumani pamoja na mkewe na watoto wao wawili, akapata kimbilio Uingereza. Mwaka 1944 alipewa kazi ya kuwaangalia majeruhi wa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, karibu na mji mdogo wa Aylesbury. Siku zile askari aliyevunjika uti wa mgongo alilazwa kitandani na kungojewa afe. Guttmann hakukubali. Aliamuru wagonjwa wageuzwe kila baada ya saa chache, usiku na mchana, ili wasipate vidonda. Kisha akawatoa kitandani na kuwatia katika michezo. Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile Michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa London, wagonjwa 16, wanaume 14 na wanawake 2, walishindana kulenga mishale katika uwanja wa hospitali. Mwaka 1952 walikuja Waholanzi kushindana nao. Kwa namna hiyo hospitali ikawa mji mdogo wa Ulaya unaotembelewa na wageni wenye viti vya magurudumu, nao wakakuta milango inayowatosha. Palikuwa mahali pamoja tu. Je, mji mkubwa ungewapokea namna gani?

Jibu lilipatikana Roma mwaka 1960. Lakini kabla ya kuwaleta wageni hao, yanipasa kukuonyesha mgeni mwingine aliyewatangulia kwa siku nane.

Tarehe 10 Septemba 1960, jioni, wakimbiaji wa mbio ndefu za Olimpiki waliondoka katikati ya Roma. Kati yao alikuwamo askari wa ulinzi wa Mfalme Haile Selassie, Abebe Bikila wa Ethiopia, nchi ambayo wazee wetu waliiita Uhabeshi. Alikimbia bila viatu. Giza lilipoingia, askari wa Italia walisimama kando ya Njia ya Apio, barabara ya kale ya Warumi, wakishika mienge ili wakimbiaji waone mahali pa kukanyaga. Karibu na mwisho wa mbio walipita penye mnara wa jiwe wa Axum, ambao majeshi ya Mussolini yaliuchukua Ethiopia na kuusimamisha Roma mwaka 1937; mnara huo haukurudishwa kwao mpaka mwaka 2005. Bikila alifika wa kwanza penye Tao la Konstantino kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Mpaka siku ile hapakuwa na mtu aliyekuwa amepata kukimbia masafa hayo kwa muda mfupi kama huo. Alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kupata medali ya dhahabu ya Olimpiki.

Tarehe 18 Septemba wakaingia wageni wengine, wanamichezo wapatao 400 wa nchi 23, wote wakiwa katika viti vya magurudumu. Hii ndiyo michezo ihesabiwayo leo kuwa Paralimpiki ya kwanza. Walipofikishwa makaoni waliona kwamba nyumba walizopewa zimeinuliwa juu ya nguzo, na njia ya kuingilia ni ngazi. Kwa hiyo askari wa Italia waliitwa, wakawabeba wageni na viti vyao, juu na chini, siku zote za michezo. Fikiri mambo hayo mawili pamoja, msomaji. Mji ni ule ule, mwezi ni ule ule. Juma moja askari washika mienge ili miguu mitupu ya Mwafrika ipite salama. Juma la pili washika viti vya watu ambao mji haukuwawekea njia.

Sisemi askari wale hawakuwa wema. Yaelekea walikuwa wema sana, na wageni waliwashukuru. Lakini mtu abebwaye hatoki nje saa aitakayo. Hutoka saa ambayo wachukuzi wapo. Akitaka kurudi chumbani kuchukua shali kwa sababu jioni imekuwa baridi, hufikiri mara mbili kama shali yastahili kumsumbua kijana wa watu. Mengi yaitwayo subira kwa watu wenye ulemavu si subira. Ni hesabu ya namna hiyo, ifanywayo kimya tangu asubuhi hata usiku.

Bikila alirudi kwao kwa shangwe. Mwaka 1964 alishinda tena mjini Tokyo, safari hii akiwa na viatu. Kisha, usiku wa Machi 1969, motokaa yake ilipinduka si mbali na Addis Ababa, naye akavunjika shingo. Walimpeleka Uingereza, na mahali alipopelekwa palikuwa pale pale Stoke Mandeville, kwa Guttmann. Alikaa huko miezi minane hivi. Mikono ilipata nguvu tena, miguu haikupata. Mwaka 1970 alirudi katika uwanja wa hospitali ile, akiwa katika kiti, akashindana kulenga mishale. Mwaka 1971 alikwenda Norway akashiriki mashindano ya magari ya theluji yavutwayo na mbwa. Hebu mtazame mtu huyu, aliyezaliwa katika nyanda za Ethiopia, akipita juu ya theluji nyuma ya kundi la mbwa.

Mwaka uliofuata, 1972, ndio mwaka ninaoutaka zaidi. Ujerumani ya Magharibi ilikuwa mwenyeji wa Olimpiki mjini Munich. Ilitazamiwa kwamba wanamichezo wenye ulemavu nao wangekwenda mji huo huo, lakini nyumba za wanamichezo zilikuwa zimekwisha tengwa kuwa makao ya watu binafsi, basi Munich haikuwapokea. Waliopokea mzigo walikuwa watu wa Heidelberg. Mnamo Agosti 1972 watu wapatao 1,000 kutoka nchi zaidi ya 40 walifika huko katika viti vyao. Guttmann, aliyekimbia nchi hiyo miaka 33 nyuma, alirudi akiwa kiongozi wa michezo. Miaka 31 tu ilikuwa imepita tangu mabasi yale ya mauti yaliposimamishwa. Mtu wa miaka 50 aliyesimama njiani Heidelberg kuwapungia wageni mkono alikuwa kijana wakati profesa Schneider alipokuwa akitembea katika njia hizo hizo. Mji wenyewe ulichukua muda mrefu zaidi kukiri yaliyotokea: kumbukumbu ya watoto 21 waliouawa kwa ajili ya uchunguzi wa kliniki ile iliwekwa mbele yake mwaka 1998.

Katika umati ule wa Heidelberg walikuwamo kwa mara ya kwanza wajumbe wa Kenya na wa Uganda. Kenya huru ilikuwa haijatimiza hata miaka tisa. Mmoja wa Wakenya, John Britton, alishinda mashindano ya kuogelea na kuiletea nchi medali yake ya kwanza ya dhahabu katika michezo hiyo. Ni ajabu kwamba watoto wetu hukariri majina ya wakimbiaji wa Kenya wa Munich wa mwaka ule, nao wanastahili kukaririwa, ila la Heidelberg halijulikani kabisa. Katika madarasa yangu nimeuliza mara nyingi; mkono haujainuka hata mmoja.

Juma chache baadaye Bikila aliingia Munich akiwa mgeni wa heshima. Uwanja ulijaa, na watu walipotambua nani aliye katika kiti kile, walisimama wakampigia makofi. Yafaa kuuliza kama wote waliosimama wangesimama vile kwa mtu asiye na jina, dereva wa lori wa Addis Ababa aliyevunjika shingo katika barabara ile ile. Bikila alifariki tarehe 25 Oktoba 1973, akiwa na umri wa miaka 41, na Mfalme alihudhuria maziko yake.

Sasa tukaribie nyumbani. Kutoka Gatina, ukipanda mpaka Barabara ya Waiyaki na kuelekea magharibi, hukawii kufika Kikuyu. Huko ndiko kwao Henry Wanyoike, aliyezaliwa mwaka 1974. Alikuwa kijana mwenye mbio. Usiku mmoja wa mwaka 1995 alilala akiona, akaamka haoni. Alikuwa amepatwa na kiharusi. Hospitali ya Kikuyu ina idara ya macho yenye sifa, na kwa msaada wa watu wa huko alitoka katika majonzi yake, akaenda Machakos katika chuo cha ufundi cha wasioona, akajifunza kufuma sweta kwa mashine. Kisha akarudi katika mbio.

Mkimbiaji asiyeona hushika ncha moja ya kamba fupi, na kiongozi wake hushika ncha ya pili. Kiongozi humwambia palipo na kona, palipo na tuta, palipo na mtu. Kwa kanuni kiongozi haruhusiwi kumvuta, wala kutangulia kuvuka mstari wa mwisho. Mjini Sydney mwaka 2000 mambo yaligeuka: kiongozi wake aliishiwa nguvu kabla ya mwisho, na Wanyoike, asiyeona, ndiye aliyemvuta mwenye macho mpaka wakavuka, akapata dhahabu. Mwaka 2004 alikwenda Athens pamoja na rafiki yake wa utoto, Joseph Kibunja, akashinda mbio za mita 5,000 na za mita 10,000. Aprili 2005 alikimbia mbio ndefu za London, na juma moja tu baadaye akakimbia za Hamburg kwa saa 2, dakika 31 na sekunde 31, muda ambao mtu asiyeona alikuwa hajapata kuufikia.

Siku ya mbio kama zile magari hufungiwa njia, na mji wote huwa wa miguu. Siku ya pili magari hurudi, na hapo mgeni asiyeona huutambua mji kwa kweli. Mji kwake ni sauti, ni harufu ya duka la mikate, ni aina ya jiwe chini ya soli. Katika miji mingi ya Ujerumani taa za kuongoza magari hutoa mlio wa kugonga ili asiyeona ajue saa ya kuvuka. Penye vituo vya treni chini huwekwa vigae vyenye vinundu, ambavyo mguu huvitambua na kujua kwamba ukingo u karibu. Usidhani vigae hivyo ni akili ya Ulaya. Vilitungwa na Mjapani, Seiichi Miyake, vikawekwa kwanza katika mji wa Okayama mwaka 1967. Ulaya iliiga, kama ilivyo haki ya kila mtu kuiga jambo jema.

Athens yenyewe ni somo. Juu ya mji huo uko mwamba wa Akropoli, na juu ya mwamba yako mahekalu yaliyojengwa miaka zaidi ya 2,400 iliyopita. Muda wote huo aliyetaka kufika juu alipanda kwa miguu au alibebwa. Mwaka 2004, kwa sababu wageni wa Paralimpiki walikuwa njiani, lifti iliwekwa upande wa kaskazini wa mwamba. Ilipochakaa, lifti mpya ilifunguliwa Desemba 2020, na njia za zege zikatandikwa juu kati ya magofu. Hapo watu wakagombana. Wataalamu wa mambo ya kale walisema zege limeharibu sura ya mahali patakatifu. Wengine walisema mahali hapo ni pa wanadamu wote, na mwenye magurudumu ni mwanadamu. Mimi niko upande wa hao wa pili, ingawa nakiri kwamba zege si kitu cha kupendeza.

London nayo haikulainika kwa huruma. Treni zake za chini ya ardhi zilianza mwaka 1863, na vituo vingi vilichimbwa bila njia nyingine ila ngazi. Mabasi yake mekundu ya kale yalipandwa kwa nyuma, kwa kidato na mlingoti wa kushika. Katika miaka ya 1990 watu wenye viti vya magurudumu walitoka nje, wakajifunga kwa minyororo na pingu katika mabasi hayo, katikati ya njia, magari yakasimama. Wapita njia wengine walitukana, wengine walishangilia, polisi wakataabika, maana magari yao wenyewe hayakuwa na nafasi ya kuchukua mtu na kiti chake. Mwaka 1995 Bunge lilipitisha sheria ya kukataza ubaguzi dhidi ya watu wenye ulemavu. Tangu mwaka 2000 kila teksi nyeusi ya London imelazimishwa kuweza kuchukua kiti cha magurudumu, na Desemba 2005 mabasi yale ya kale yaliondolewa katika kazi ya kila siku. Treni za chini ya ardhi bado: kati ya vituo 272, ni kama theluthi moja tu mtu aweza kufika bila kukanyaga ngazi. Paris iko nyuma zaidi. Treni zake za chini zilifunguliwa mwaka 1900, na Paralimpiki ilipofanyika huko mwaka 2024, mahali ambapo Samson Ojuka wa Kenya alipata medali ya fedha katika kuruka masafa marefu, njia moja tu, ya nambari 14, ndiyo iliyofaa kwa viti tangu mwanzo hata mwisho.

Kenya nayo ina historia yake katika jambo hili, wala si ya jana. Shule ya wasioona ya Thika ilifunguliwa mwaka 1946. Chama cha Watu Wenye Ulemavu wa Viungo kilianzishwa mwaka 1958, na mpaka leo karakana zake hutengeneza viti vya magurudumu na miguu ya bandia. Bunge lilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2003. Sheria hiyo iliwapa wenye majengo ya umma miaka mitano ya kuyarekebisha, na wenye magari ya abiria miaka miwili. Muda ukapita, na matatu zikabaki na ngazi zile zile. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 54, yasema kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kufikia mahali pote, vyombo vya usafiri na habari kwa kiasi cha haki, na ana haki ya kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Hilo la mwisho lilinifanya niitazame lugha yetu wenyewe. Kipofu, kiziwi, kiwete: tumewapanga ndugu zetu katika ngeli moja na kijiko na kikapu. Sarufi haina nia mbaya, lakini si vibaya mwanafunzi kuliona. Mwaka 2025 sheria mpya ilichukua mahali pa ile ya 2003. Tofauti yetu na London, kwa hiyo, si kwamba wao walikuwa na sheria na sisi hatuna.

Huenda wewe usomaye una ulemavu, na huenda siku moja ukapata nafasi ya kwenda kusoma au kushindana katika miji niliyoitaja. Basi chukua maneno machache ya kukufaa. Katika Umoja wa Ulaya ipo kanuni, inayotumika kwa ukamilifu tangu Julai 2008, kwamba kampuni ya ndege haina ruhusa ya kumkataa msafiri kwa sababu ya ulemavu, isipokuwa kwa sababu chache zilizowekwa na sheria, kama zile za usalama. Yakupasa kusaidiwa katika kiwanja cha ndege bila kulipa, tangu mlangoni hata kitini, na kiti chako cha magurudumu huchukuliwa bila nauli. Lakini sharti uwaarifu saa 48 kabla ya safari. Waarifu kwa maandishi, na nakala ubaki nayo. Kiti chako kikiwa cha umeme, andika ni betri ya aina gani, maana wataiuliza. Pima upana wa kiti kwa sentimita, uiulize hoteli upana wa mlango wa lifti, si kama lifti ipo tu. Hoteli nyingi za Ulaya ni nyumba za kale, na lifti zake zilipenyezwa baadaye penye nafasi ndogo. Uliza pia kama pana kidato kati ya mlango wa nje na lifti, kwa sababu mtu mwenye miguu husahau kidato kimoja. Na ukifika Athens ukitaka kupanda Akropoli, piga simu asubuhi kabla hujatoka: lifti ile hufungwa upepo ukiwa mkali.